Sindano ya kuamsha ovari: inachofanya na isichofanya

Siku hizi ukikaa saluni huko Kamalondo, au kwenye meza ya muuza vitenge soko la mtaa wetu wa Kenya hapa Lubumbashi, mazungumzo ya wanawake wanaotafuta mtoto hayaishii tena kwenye dawa za mizizi na maombi ya kufunga. Limeingia jambo jipya: sindano ya kuamsha ovari. Wanasema daktari anakutoa damu yako mwenyewe, anaizungusha kwenye mashine, anairudisha ndani ya ovari, na mayai yaliyokwisha yanaanza upya. Sauti za WhatsApp zinapita kutoka simu hadi simu: mara ni Uturuki, mara India, mara Afrika Kusini. Wapo wanaofikiria kuuza kiwanja ili binti apelekwe.

Habari hiyo ina ukweli ndani yake na ina uongo ndani yake, na vimechanganywa kiasi kwamba mwanamke mwenye uchungu, anayeulizwa na mama mkwe kila Jumapili, hawezi kuvitenganisha peke yake. Wanawake wa Lubumbashi wanastahili kuelezwa jambo hili wazi kabla hawajatoa hela.

Mayai yanakwisha vipi

Mwanamke anazaliwa na mayai yake yote. Mtoto wa kike akiwa bado tumboni, mimba ikiwa na miezi mitano hivi, ovari zake mbili zina mayai kama milioni 6 hadi 7. Siku anayozaliwa yamebaki milioni 1 hadi 2. Akivunja ungo yamebaki laki tatu au nne. Kati ya hayo, yatakayokomaa na kutoka katika maisha yake yote ni kama 400 au 500. Mengine yanakufa yenyewe, siku baada ya siku, awe na mimba, awe anameza vidonge, awe hajaolewa. Akikaribia miaka 50 akiba inafika mwisho na hedhi inakoma.

Kwa baadhi ya wanawake safari hiyo inakatika mapema. Ovari zinapungua nguvu, au zinasimama kabisa, kabla hawajatimiza miaka 40: wengine wana 35, wengine 22, na wachache hata hedhi ya kwanza hawaioni. Hali hiyo ndiyo madaktari wanaiita upungufu wa mapema wa ovari. Zamani ilidhaniwa inampata mwanamke mmoja kati ya mia. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2024 unakadiria asilimia 3.5. Chukua shule moja ya wasichana 200: saba hivi kati yao watafikia hapo kabla ya miaka 40. Hii si hali ya ajabu, wala si ya mtu mmoja katika mji mzima. Tunaiona adimu kwa sababu wanaoipata wananyamaza.

Dalili ya kwanza mara nyingi ni hedhi kuvurugika. Inakuja mwezi huu, inaruka miwili, inarudi kidogo, inapotea. Wengine wanasikia joto la ghafla usoni na kifuani hata katika baridi ya mwezi wa saba, wanaamka usiku shuka limelowa jasho, usingizi hauji, uke unakuwa mkavu na tendo la ndoa linauma. Mama mkwe akisikia hayo kwa mwanamke wa miaka 29, atasema ni malaria au ni presha, na kwenye farmasi atauziwa dawa za malaria.

Mama mmoja wa Katuba alinionyesha karatasi ya labo aliyokuwa ameikunja nyuma ya kifuniko cha simu. Kwenye mstari wa FSH paliandikwa 78, na pembeni labo waliweka nyota. Alikuwa na furaha. Alidhani namba kubwa ni mayai mengi.

Ni kinyume chake, na kosa hilo ni rahisi sana kulifanya kama hakuna aliyekueleza. FSH ni homoni inayotoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Kazi yake ni kuziagiza ovari zikuze yai. Ovari zikiitika, tezi inapunguza. Zisipoitika, tezi inazidi kutuma, na namba inapanda. Mwanamke ambaye hajafikisha miaka 40, hedhi yake imepotea au imevurugika kwa miezi minne au zaidi, na FSH yake imezidi 25, ndiye anayeambiwa kwamba ana hali hii. Kukiwa na shaka, kipimo kinarudiwa baada ya wiki nne hadi sita. Kisifanywe wakati unameza vidonge vya homoni, maana vinashusha namba. Na kabla ya yote hayo dokta anapaswa kupima mimba, kisha tezi ya shingo na homoni ya maziwa, na kuuliza kama umekonda sana au umepita katika mshtuko mkubwa. Hedhi hupotea kwa sababu nyingi, na nyingine zinatibika kwa vidonge vya bei ndogo.

Chanzo? Kwa wanawake wengi hakipatikani hata baada ya vipimo vyote. Kwa wengine ni kromosomu moja ya X kukosekana au kuwa na kasoro, au badiliko katika jeni iitwayo FMR1, au kinga ya mwili kuzishambulia ovari zenyewe. Kwa wengine ni dawa za kansa, mionzi ya nyonga, au upasuaji wa uvimbe wa ovari. Vidonge vya uzazi wa mpango havimo katika orodha hii. Sindano ya miezi mitatu haimo pia: inaweza kuchelewesha hedhi kurudi kwa miezi mingi baada ya kuiacha, lakini haimalizi mayai. Kutoa mimba ujanani hakumo. Maambukizi yanaweza kuziba mirija, na hilo ni tatizo jingine lenye matibabu yake mengine. Laana ya shangazi ambaye hakupewa sehemu yake ya mali ya ndoa haimo.

Namba ya kushika kichwani

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, hata baadhi ya wahudumu wa afya. Kuambiwa una hali hii si kuambiwa kwamba ovari zimekufa. Kwa wanawake wengi zinafanya kazi kwa vipindi: zinalala miezi, zinaamka, yai moja linakomaa, zinalala tena. Ndiyo maana kati ya wanawake 100 wenye hali hii, 5 hadi 10 wanapata mimba wenyewe, bila matibabu yoyote ya uzazi, wakati mwingine miaka kadhaa baada ya kuambiwa haiwezekani.

Shika namba hiyo. Ndiyo inayoeleza kwa nini kila mganga ana mama wa kumtolea ushuhuda, kila chumba cha maombi kina mtoto aliyepewa jina la Muujiza, na kila kliniki ya mbali ina picha ya mtoto kwenye ukurasa wake. Sisemi kwamba hao mama wanadanganya. Watoto wao ni wa kweli. Swali ni kama wangezaliwa hata bila kile kilicholipiwa. Wanawake mia wakinywa maji ya chumvi mwaka mzima, kadhaa watashika mimba, na muuza chumvi atatajirika.

Kupuliza mbabula

Kuelewa matibabu mapya, fikiria mbabula, jiko la makaa, asubuhi. Juu kuna majivu matupu. Ukipuliza, na chini yake kuna kipande cha kaa chenye moto, kinashika na unachemsha chai. Kama hakuna, unapuliza majivu tu na yanakuingia machoni. Kupuliza hakuleti makaa mapya.

Ndani ya ovari, kila yai linakaa katika kifuko chake. Kifuko kilicholala ni kidogo sana, hakifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, na ekografi, mashine ya kutazama ndani ya tumbo, haikioni. Ekografi inaona vile vilivyokwisha kuamka na kukua. Kwa hiyo dokta anapokuambia "sioni mayai", anasema ukweli wa mashine yake, lakini hajui kwa hakika kama chini ya majivu kuna kaa. Karibu matibabu yote mapya yanayosikika leo ni namna mbalimbali za kupuliza. Hakuna hata moja, kati ya yale yanayouzwa kwa wanawake, linaloongeza yai jipya lililothibitishwa.

Tuanze na hiyo sindano ya damu. Jina lake kwa kifupi ni PRP. Damu inatolewa mkononi, inazungushwa kwa kasi ili sehemu yenye chembe nyingi za kugandisha damu ijitenge, kisha maji hayo ya manjano yanaingizwa ndani ya ovari kwa sindano ndefu inayopitia ukeni, dokta akiangalia kwenye ekografi. Chembe hizo zinapopasuka hutoa kemikali zinazosaidia kidonda kupona na mishipa midogo kuota. Wazo ni kwamba kemikali hizo hizo zitaviamsha vifuko vilivyolala. Ni wazo lenye mantiki, na kwa kuwa damu ni yako mwenyewe, mwili hauikatai.

Lakini je, linaleta watoto? Utafiti unaotajwa zaidi ulifanyika Uturuki na kuchapishwa mwaka 2020, ukiwa na wanawake 311 wenye hali hii. Baada ya sindano, 23 walishika mimba wenyewe. Hiyo ni asilimia 7.4. Wengine walipelekwa kwenye utungishaji wa nje ya mwili, na kwa jumla waliofika kuzaa au kuwa na mimba iliyoendelea vizuri walikuwa 25, yaani asilimia 8.

Sasa rudi kwenye namba niliyokuambia uishike. Bila sindano ni 5 hadi 10 kati ya mia. Kwa waliochomwa sindano, 8. Ni kweli hesabu hizi mbili haziko sawa kabisa: ile ya 5 hadi 10 inahesabu miaka mingi, na utafiti wa Uturuki ulihesabu muda mfupi zaidi, kwa hiyo huenda sindano ilifanya kitu. Lakini hatuwezi kujua, kwa sababu hapakuwa na kundi la pili la wanawake wa aina ile ile ambao hawakuchomwa. Mwaka 2024 lilichapishwa jaribio lenye makundi mawili, kwa wanawake wenye akiba ndogo ya mayai, si wenye hali hii hasa. Waliochomwa sindano hawakupata mayai yaliyokomaa mengi kuliko wasiochomwa. Mwongozo wa kimataifa nao hauitambui PRP kama matibabu ya kawaida. Mahali pake kwa sasa ni katika utafiti. Na katika utafiti wa kweli mgonjwa halipishwi maelfu ya dola ili ajaribiwe.

Njia ya pili imetoka Japani, na kwangu ndiyo yenye sayansi ya kuvutia zaidi. Dokta Kazuhiro Kawamura na wenzake, pamoja na Aaron Hsueh wa Chuo Kikuu cha Stanford, waligundua kwamba ndani ya ovari kuna breki: mfumo wa ishara za seli unaozuia vifuko visikue vyote kwa pamoja. Ukikata tishu ya ovari vipande vidogo, breki hiyo inalegea. Wakaongeza dawa ya kuamsha kwa siku mbili kwenye labo, kisha wakavirudisha vipande hivyo mwilini karibu na mirija. Mwaka 2013 walichapisha matokeo ya wanawake 27. Kati yao, 13 walikuwa bado na vifuko ndani ya ovari. Kwa 8 vifuko vilianza kukua. Watano walitoa mayai yaliyokomaa. Wakati wa kuchapisha, mtoto mmoja mwenye afya alikuwa amezaliwa.

Soma hesabu hiyo polepole: 27, 13, 8, 5, 1. Kazi ya akina Kawamura ni kubwa, na tangu hapo watoto wengine wamezaliwa kwa njia hiyo na kwa namna yake rahisi zaidi isiyotumia dawa. Lakini zaidi ya nusu ya wanawake wale walipasuliwa, ovari ikatolewa, na ndani yake hapakuwa na kitu cha kuamsha. Mwanamke anayeambiwa habari ya mtoto yule mmoja ana haki ya kuambiwa pia habari ya hao 14.

Njia ya tatu ni seli shina. Hizi ni seli changa, za uboho wa mfupa au za kitovu cha mtoto mchanga, zinazoingizwa kwenye ovari au kwenye mshipa unaoilisha. Uhispania, China na Marekani wamezijaribu kwa makundi madogo ya wanawake, na mimba chache zimeripotiwa. Zaidi ya hapo hakuna la kumwahidi mtu. Kliniki inayouza seli shina kwa bei iliyopangwa, kama mtu anavyouza saruji, ikimbie.

Halafu kuna habari iliyozagaa mwaka 2025, kwamba wanasayansi wametengeneza yai kutoka kwenye ngozi. Hiyo kweli ipo, na hiyo kweli si kupuliza bali ni kutafuta kaa jipya. Katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi cha Oregon, Marekani, walichukua kiini cha seli ya ngozi ya binadamu, wakakiweka ndani ya yai la mwanamke mwingine lililoondolewa kiini chake, kisha wakalilazimisha litupe nusu ya kromosomu. Walipata mayai 82 yaliyofanya kazi. Yaliyorutubishwa na kufikia siku ya sita yalikuwa kama asilimia 9, na yote yalikuwa na kasoro za kromosomu. Hakuna hata moja lililowekwa tumboni mwa mwanamke. Wenyewe wamesema kunahitajika angalau miaka kumi ya utafiti zaidi. Anayekuambia leo kwamba kuna mahali wanageuza ngozi kuwa mtoto, anakuibia.

Msichana wa SS aliyezaa Brussels

Kuna njia moja ambayo imetoka kwenye majaribio na kuwa tiba, na habari yake inatugusa moja kwa moja. Ni kuhifadhi kipande cha ovari kwenye baridi kali kabla ovari haijaharibiwa.

Mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa Ubelgiji mwaka 2004, kwa timu ya Dokta Jacques Donnez. Mama yake alitolewa kipande cha ovari kabla ya dawa za kansa, na miaka baadaye akarudishiwa. Tangu hapo watoto zaidi ya 200 wamezaliwa hivyo duniani.

Lakini kisa ninachotaka wazazi wa hapa wakijue ni kile cha mwaka 2014. Msichana aliyezaliwa jirani zetu, Jamhuri ya Congo (Brazzaville), aligundulika kuwa na SS, yaani ugonjwa wa selimundu, akiwa na miaka mitano. Akahamia Ubelgiji. Ugonjwa ulikuwa mkali kiasi kwamba madaktari waliamua kumpandikiza uboho wa kaka yake. Kabla ya kupandikiza, mgonjwa anapewa dawa kali za kufuta uboho wa zamani, na dawa hizo huziua ovari. Alikuwa anakaribia miaka 14, bado hajaona hedhi ya kwanza. Walimtoa ovari ya kulia, wakaikata vipande, wakavigandisha. Kweli ovari iliyobaki ilisimama. Zaidi ya miaka kumi baadaye, timu ya Dokta Isabelle Demeestere katika hospitali ya Erasme, Brussels, ilimrudishia vipande vyake. Hedhi ikaja. Mwezi wa kumi na moja 2014, akiwa na miaka 27, alizaa mtoto wa kiume mwenye afya, kwa mimba aliyoishika bila utungishaji wa nje. Alikuwa wa kwanza duniani kuzaa kwa tishu iliyohifadhiwa kabla ya hedhi kuanza.

Nchi yetu ni kati ya zile zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na SS duniani. Familia zinazoweza zinapeleka watoto India au Ulaya kupandikizwa uboho, na kwa furaha ya kupata tiba, hakuna anayeuliza habari za ovari. Ulizeni. Swali lenyewe ni fupi: "Dokta, dawa hizi zitamfanya nini kwenye uzazi, na mnaweza kuhifadhi kitu kabla?" Baada ya dawa kuanza, mlango mara nyingi umefungwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa dawa za kansa. Kugandisha ovari kunahitaji naitrojeni ya maji na umeme usiokatika, na tunajua umeme wetu. Lakini ipo njia nyepesi zaidi. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2015 liliwapa wanawake wenye kansa ya matiti isiyotegemea homoni sindano ya goserelin kila mwezi wakati wa dawa za kansa, ili ovari zipumzike. Baada ya miaka miwili, ovari zilikuwa zimesimama kwa asilimia 8 ya waliopata sindano, na asilimia 22 ya wasiopata. Sindano hiyo si ghali kama kusafiri, na inahifadhika. Mwanamke kijana anayeanza dawa za kansa na ambaye hakuna aliyemtajia jambo hili, ameonewa.

Yai la mwanamke mwingine

Kwa aliyekwisha kupoteza mayai yake, tiba inayofanya kazi kuliko zote si mpya. Mwaka 1984, timu ya Melbourne, Australia, ilichapisha habari ya mwanamke mwenye hali hii hii aliyepata mimba kwa yai la mwanamke mwingine, lililorutubishwa na mbegu za mume wake na kuwekwa tumboni mwake. Tangu hapo limekuwa jambo la kawaida katika nchi nyingi. Tumbo la uzazi halizeeki pamoja na ovari. Likipewa homoni zake linapokea mimba vizuri. Wengi hapa wanaamini kwamba ovari zikisimama, kizazi chote kimekauka. Si kweli, na imani hiyo imevunja ndoa ambazo hazikuwa na sababu ya kuvunjika.

Najua ugumu wake. Kwetu swali la kwanza la ukoo ni mtoto ana damu ya nani. Wapo watakaoona ni sawa na kuasili mtoto, wapo watakaosema ni uzinzi, na wachungaji wetu hawasemi kitu kimoja. Siwezi kuamua kwa niaba ya nyumba ya mtu. Nasema tu kwamba mwanamke anayebeba mimba hiyo miezi tisa, akaizaa na kuinyonyesha, ameshafanya kazi yote tunayoiita umama, na mume aliyekubali asije akamtupia maneno mtoto akianza kutembea. Mkiamua dada atoe yai, apimwe kwanza, maana huenda naye ana chanzo kile kile. Na mwanamke aliyekosa kromosomu moja ya X apimwe moyo na mshipa mkuu kabla ya mimba yoyote, kwa sababu mshipa huo unaweza kupasuka akiwa mjamzito.

Mwili unaosahaulika

Jambo linaloniumiza zaidi ni hili. Katika kutafuta mtoto, kila mtu anasahau mwanamke mwenyewe. Kazi ya ovari si kutoa mayai tu. Inatoa estrojeni, na estrojeni inalinda mifupa na moyo. Mwanamke wa miaka 28 asiye na estrojeni ana mifupa inayozeeka kabla ya wakati. Ndiyo maana mwongozo unataka apewe homoni za kurudisha zile zilizokosekana, estrojeni pamoja na projesteroni, hadi afikie umri wa kawaida wa kukoma hedhi, karibu miaka 50. Kama aina maalumu hazipatikani farmasi, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili vinaweza kutumika, kwa ushauri wa dokta.

Watu wanaogopa: homoni zitaleta kansa. Hofu hiyo ilitokana na utafiti wa wanawake waliokwisha kupita miaka 50, wakiongezewa homoni ambazo mwili wao ulikuwa umeacha kutengeneza kwa wakati wake. Kijana anarudishiwa zile ambazo wenzake wa rika lake wanazo. Isipokuwa kwa aliyewahi kuugua kansa ya matiti au mwenye sababu nyingine maalumu, kukaa bila homoni ndiko hatari zaidi. Juu yake aweke ndagala wanaoliwa pamoja na mifupa yao, mboga za majani kama lengalenga, jua la asubuhi na kutembea.

Na ajue kwamba damu inayokuja akimeza homoni hizo haimaanishi ovari zimepona. Ni utando wa tumbo unaojengwa na kidonge na kubomoka kikisimama. Wapo wanaotoza hela nyingi kwa vidonge vya kawaida, hedhi ikirudi wanatangaza uponyaji. Kwa upande mwingine, homoni za kurudishia si kinga ya mimba. Asiyetaka mtoto sasa aseme, wale 5 hadi 10 kati ya mia wapo.

Ukiwa mbele ya yeyote anayekuuzia matibabu mapya, awe na koti jeupe Lusaka au ukurasa mzuri wa Facebook, muulize: wangapi walipata mtoto, kati ya wangapi, na wale ambao hawakupewa matibabu haya walipata wangapi? Mwenye majibu atakupa namba. Asiye nayo atakuonyesha picha.

Dada na mabinti wa mwanamke mwenye hali hii nao wasisubiri. Mayai yanaweza kugandishwa tu yakiwa bado yapo, na katika koo nyingine hali hii inarithiwa. Binti wa miaka 22 ambaye mama yake aliacha kuona hedhi akiwa na 36, aende apimwe sasa wakati hedhi yake bado inakuja. Na kama katika ukoo kuna watoto wa kiume wenye ulemavu wa akili ambao chanzo chake hakikujulikana, amwambie dokta hilo pia, kwa sababu badiliko la jeni ya FMR1 linaweza kujitokeza kwa namna zote mbili ndani ya familia moja.